Utepe Uliopauka

Sauti ilianzia ukutani, nyuma ya mita: fuu, kimya, fuu. Mkata umeme alitega sikio, kikombe cha chai bado mkononi. Aliijua. Ilikuwa mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua, na nyumbani kwake hapakuwa na mgonjwa.

"Baba watoto, na wewe unaisikia?" mkewe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Panya."

"Basi panya huyo ana pumu."

Hakucheka. Juma lililopita alikuta utepe mwekundu kwenye mita ya bibi mmoja. Utepe ni amri: humu mna mgonjwa mahututi, usikate. Lakini wajanja wasio na mgonjwa nao walikuwa wakiufunga kwenye mita zao, na adhabu yao ni kukatiwa, wawe na deni au wasiwe nalo. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake kuwatambua: utepe uliopauka ni wa kuokota, kata, usipoteze muda kubisha hodi. Ule ulikuwa umepauka, akaufungua, akakata. Kumbe ulipaushwa na jua, maana bibi aliugua muda mrefu. Kesho yake alizikwa.

Harufu ya dawa za hospitali ikajaa sebuleni. Mkewe akasema kichwa kinamzunguka, akaenda kujilaza. Na ile pumzi ikatoka ukutani, ikapita juu ya meza, mapazia yakivutwa na kuachiwa nayo, ikamfuata mke hadi chumbani, na mkata umeme, akidhani umeme ndio unaoilisha, akakimbilia swichi kuu, akazima.

Kimya. Kisha mkewe akakoroma kama mtu anayezama.

Akawasha. Mkewe akavuta pumzi: fuu.

Mganga aliyeitwa hakufungua hata mkoba wake. "Jini huyu alikuwa akimlinda bibi wa watu," alinong'ona. "Sasa amekaa kifuani mwa mkeo. Simwezi. Omba umeme wako usikatike, mwanangu."

Utepe aliokuwa nao ni ule ule wa bibi, kwenye mfuko wa kazi. Akaufunga kwenye mita yake.

Kesho yake mchana alikuwa amemshika mkewe mkono, akimwomba radhi bibi ambaye hata sura yake hakuiona, aliposikia ngazi ikiegemezwa nguzoni, na sauti za vijana aliowafundisha mwenyewe.

"Tubishe hodi?"

"Ya nini, ndugu yangu? Si unaona umepauka?"

Aliruka kuelekea mlangoni. Nyuma yake, feni iliyo juu ya kitanda ikaanza kupunguza mwendo.