Pumzi Kabla ya Jina

"Nani yuko hewani?" aliuliza Aikande, mtangazaji aliyetoka chuoni juzi, mkoba ukiwa bado begani.

Meneja Abdiel alikuwa ofisini anacheka na simu. Meshack, fundi mitambo, alikuwa nje na chai yake. Studio ilikuwa tupu, lakini spika ya koridoni ilikuwa inasoma matangazo ya vifo kwa sauti ya Bi Elinipa, na Bi Elinipa walishamzika Nkoaranga tangu masika.

Mama huyo alisoma vifo katika redio ile ya Moshono tangu Aikande hajaanza shule. Saa saba mchana watu wa mlimani waliacha majembe kumsikiliza. Alitafuna karafuu ili koo lisikauke, na hakutaja jina la marehemu kabla hajampigia mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha.

"Ni kompyuta, dada," Abdiel alisema Aikande alipomfuata ofisini. "Tumeifundisha kwa rekodi zake. Mdhamini wetu, yule wa majeneza, anaitaka sauti ile ile. Watu wanaiamini."

"Na familia yake mmeiomba?"

"Alirekodia hapa. Ni mali ya redio."

"Mali! Mama wa watu kafa, bado mnamfanyisha kazi? Si mngemfufua kabisa adai na likizo!"

"Mdahalo umeisha? Hapa siyo chuoni."

Aikande alirudi koridoni akiwa amefura. Ndipo alipoisikia. Kabla ya kila jina, ile sauti ilivuta pumzi. Kompyuta inavuta pumzi ya nini? Na studio iliyofungwa ilikuwa inanuka karafuu mbichi.

Siku iliyofuata sauti ikatangaza kifo cha Mzee Ndesanjo wa Engutoto. Hakuna aliyeleta tangazo hilo. Mwanawe alipiga simu akifoka kwamba baba yuko mezani anakula, mara akanyamaza. Walisikia viti vinaanguka na wanawake wanapiga kelele. Baadaye wakaambiwa mzee alilisikia tangazo likirudiwa redioni, akacheka, "Mimi huyu huyu nimekufa?", kisha kijiko kikamponyoka.

Kesho yake ikamtaja Mwalimu Agnela. Huyo alikuwa darasani, hana redio. Jioni alikuja getini mzima kabisa, anadai aombwe radhi, na alipoanza kusema, "Niwekeeni hilo tangazo nisikie," Meshack alimshika mkono akamtoa nje mbio mbio.

"Anayejisikia akitangazwa ndiye anayekwenda," Meshack alinong'ona aliporudi. "Na yule siye Bi Elinipa, meneja. Bi Elinipa asingemtaja mtu bila kuthibitisha. Mmeacha sauti haina mwenyewe, kitu kimeivaa."

Abdiel hakucheka tena. Mchungaji akaitwa, akaomba hadi shati likalowa. Meshack akafuta kila rekodi ya marehemu, akaing'oa kompyuta na waya zake, akaitoa uani. Harufu ikaisha.

"Leo saa saba tupige kwaya tu," Abdiel alisema siku ya pili, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aikande akakaa kwenye mitambo, akaiweka kwaya ya kanisani kwao, akaanza kuamini kwamba yameisha.

Kwaya ikafifia bila mkono wa mtu. Harufu ya karafuu ikapanda kutoka sakafuni, kali, na katika spika zote kwa pamoja, ya studio, ya koridoni, hata ya kile kiredio cha mlinzi kule getini, ikasikika ile pumzi ndefu ya mtu anayejiandaa kusoma, kisha sauti tulivu, yenye huruma, ikasema, "Familia ya marehemu Kaanaeli wa Olasiti inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao..."

Marehemu Kaanaeli alikuwa baba yake Aikande. Nyumbani Olasiti amebaki mtu mmoja tu, mama yake, Magreth, ambaye saa hizi yuko jikoni anachambua maharage, redio iko dirishani imefunguliwa mpaka mwisho kwa sababu mwanawe ndiye yuko zamu.

"Zima mtambo!" Aikande alimnong'oneza Meshack, aliyekuwa kwenye swichi kuu.

"Nimeshazima! Hauna umeme!"

Alipiga simu ya mama, ikaita, ikaita, maana mama huiacha chumbani kwenye chaji, na sauti ilikuwa haina haraka, inataja ukoo, inataja usharika, inataja kwamba mipango ya mazishi inafanyika nyumbani kwa marehemu, kama paka anayezunguka panya, hadi ikafika mahali pa jina, ikanyamaza, ikaanza kuvuta pumzi.

Aikande akakivuta kipaza sauti. Taa yake nyekundu ya kuwa hewani ilikuwa inawaka, na umeme haupo.

"Mama, ni Aikande. Usisikilize zaidi. Zima redio sasa hivi, tafadhali."