Kidole cha Mzee Wekoye

Wino ulikuwa mbichi. Nyaruai aliutazama mara mbili, kwa sababu hati yenyewe ilikuwa ya miaka sita iliyopita, na karatasi ilishaanza kugeuka manjano. Lakini ile alama ya kidole gumba pale chini ilimeta kana kwamba imegandamizwa sasa hivi. Akaigusa. Kidole chake kikatoka cheusi.

Ilikuwa wiki yake ya tatu ya atachi, mafunzo ya kazini. Alikuwa akisomea sheria, mwaka wa tatu, na baada ya kupeleka barua kumi na moja, ni Wakili Muchiri pekee hapo Kitale aliyekubali kumpokea. Wakili alimpa faili la shamba la Malakisi alipange, kwa kuwa kesi ingesikizwa Bungoma baada ya siku kumi. Hati ile ya kiapo ilisema kwamba marehemu mzee Wekoye, mkulima wa tumbaku, alikubali kwa hiari yake shamba liandikwe jina la mfanyabiashara wa Chwele, mteja wa Muchiri. Binti wa marehemu, Lenah, alikuwa amefukuzwa hapo na sasa alikuwa anapinga.

Nyaruai aliosha kidole kwa sabuni, kisha kwa mafuta taa. Wapi.

"Anti Phelista," alimwambia karani, mama wa makamo kutoka Bungoma aliyekuwa katika ofisi hiyo kwa miaka mingi, "hii wino ni ya aina gani? Haitoki."

Phelista alitazama kidole, kisha faili, akalifunga haraka.

"Umeshika hiyo karatasi? Nani alikutuma?"

"Si ni wakili."

"Basi nyamaza. Usiambie mtu."

Kesho yake kidole kilikuwa baridi. Si baridi ya Kitale ya asubuhi, bali baridi ya nyama iliyokaa kwenye friji, na aliposhika shavu lake alishtuka. Siku ya tatu alifungua kitabu chake cha atachi, kile ambacho wakili alipaswa kusaini kila Ijumaa, akakuta alama ya kidole gumba kwenye kila ukurasa. Haikuwa yake. Ilikuwa pana, na katikati ilikatwa na kovu.

"Uchafu gani huu?" Muchiri alifoka. "Unataka nisaini hii?"

"Wakili, kuna kitu na ile hati ya Wekoye. Nilikuwa nataka kuuliza..."

"Ati kuuliza? Uko hapa kujifunza, si kuuliza. Panga faili. Ukishindwa, niambie nipigie chuo."

Alasiri hiyo mvua ilinyesha ghafla, stima ikapotea, na Nyaruai alikuwa amepiga magoti katika chumba cha mafaili aliposikia harufu, kwanza kidogo tu, ya tumbaku inayokaushwa, halafu chini yake harufu nyingine kali ya ile dawa ya mochari inayowasha macho, na harufu ikazidi, ikamjaa kooni, na nyuma ya rafu akasikia mtu anaburuta miguu mitupu, taratibu, kama mgonjwa anayetafuta mlango gizani, hatua hizo zikaja mpaka nyuma ya mgongo wake, zikasimama, kisha mkono ukashika mkono wake, ukakichagua kile kidole kati ya vidole vyote, ukaanza kukinyoosha kwa nguvu, kikilia kama kuni kavu.

Alipiga kelele. Phelista alimkuta peke yake, kidole kimesimama wima, hakikunjiki.

Wakakaa kwenye ngazi. Phelista aliongea akinong'ona, macho yakiwa kwenye mlango wa wakili.

"Mzee hakuapa, mami. Alikuwa ameshakufa siku mbili. Tulienda mochari mimi na wakili, mimi nikashika mkono. Ulikuwa umekakamaa. Wakili ndiye alinyoosha kidole."

"Na ukanyamaza miaka sita?"

"Nilikuwa na watoto shuleni. Ningeenda wapi?"

Nyaruai alilia. Alijua akisema, kitabu chake hakingesainiwa, na mwaka ungekuwa umepotea. Lakini kufikia Jumamosi baridi ilikuwa imepanda hadi kwenye kiwiko. Yeye na Phelista wakaenda Malakisi, ambako Lenah aliishi kwa baba yake mdogo tangu afukuzwe.

Lenah aliwasikiliza. Alipomaliza kusikia, alitoka nje akatapika. Ni baba yake mdogo, Jotham, mzee ambaye huitwa kuzungumza na wafiwa baada ya mazishi, aliyeuliza, "Nani alishika mkono?"

"Ni mimi, baba," Phelista akajibu.

"Basi wewe ndiye utamwambia, kaburini kwake. Maiti haiapi. Anayeapa ni aliye hai."

Saa sita mchana, kaburini, Nyaruai aliandika kwa mkono kila kitu Phelista alichosema. Phelista alipiga magoti, Biblia kifuani, akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye neno mochari, ile harufu iliwajia wote hata Jotham akafunika pua, na majani makavu yakatambaa kuelekea kwao ingawa hapakuwa na upepo. Phelista hakukoma. Aliposema, "Haya yote ni kweli," harufu ikakatika. Kidole cha Nyaruai kikakunjika, kisafi.

Jumatatu Phelista aliapa tena mbele ya kamishna wa viapo aliyetafutwa na wakili wa Lenah. Nyaruai hakurudi ofisini kwa Muchiri.

Siku ya kesi Muchiri alisimama kuzungumza. Alifungua mdomo, ikatoka sauti ya mzee mwenye kifua kibovu, kwa Lubukusu, lugha ambayo hakuijua hata salamu zake. Alieleza kila kitu, mpaka namba ya droo ya mochari. Lenah alianguka chini. Aliijua sauti ile.

Shamba lilirudi. Lakini Muchiri hajasema Kiswahili wala Kikuyu tangu siku hiyo. Watu wa maombi wamekesha kwake mara tatu, wakaondoka naye akiwa vilevile. Mwezi uliopita mke wake alimwita Phelista, anayejua Lubukusu, nyumbani amtafsirie.

"Anasema nini?" mke aliuliza.

"Anauliza mtoto wake yuko wapi."

"Mwambie watoto ndio hawa, wamesimama mbele yake."

Phelista aliwatazama wale watoto, akachukua mkoba wake.

"Hawa si anaowajua," alisema. "Anamtaka Lenah."