Fataki za Mzee Krantz

Duka la saba lilikuwa tupu kama yale sita ya kwanza.

Thurlow Beckstead alisimama mbele ya rafu, kofia mkononi, akisoma karatasi iliyobandikwa pale: HAKUNA FATAKI. USIULIZE. Fataki ni kile kikombe kidogo cha shaba, kidogo kuliko punje ya dengu, kinachokaa kwenye kitako cha risasi na kuiwasha baruti. Baruti Thurlow alikuwa nayo. Vichwa vya risasi alikuwa navyo, na maganda mia ya bunduki aliyoachiwa na baba yake, ambayo risasi zake haziuzwi tena popote. Alikuwa akizijaza mwenyewe gerejini. Lakini bila fataki vyote hivyo vilikuwa vyuma tu. Na mwaka ule wa uhaba, jimbo zima la Montana lilikuwa likitafuta fataki.

Ilikuwa Alhamisi jioni. Msimu wa kuwinda elki ulifunguliwa Jumamosi. Kiwanda cha mbao alikofanya kazi kilikuwa kimefungwa tangu Machi, mkewe Arlys alikuwa ametoka hospitali upande mmoja wa mwili umelegea, na ndani ya friza kulibaki mifuko miwili ya njegere. Elki jike mmoja, mnyama mkubwa kama farasi, angewavusha kipindi chote cha theluji.

"Nenda kwa kina Krantz, kule bondeni," alisema Dewey Sorrells, rafiki yake tangu utotoni, aliyekuwa ameegemea mlango wa duka akitafuna kijiti. "Yule mzee alizilimbikiza fataki tangu enzi za vita vya Vietnam. Ila ukizipata usinisahau, la sivyo namwambia Arlys nani alimaliza pai ya mchungaji."

"Mbona huendi mwenyewe?"

Kicheko cha Dewey kilikatika. "Pale? Mimi? Ng'o."

Thurlow akawasha pikapu.

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya misonobari alipofika. Nyumba ilikuwa giza juu, lakini dirisha la chumba cha chini ya ardhi lilitoa mwanga hafifu, wa manjano. Alibisha. Kimya. Akazunguka nyuma, akakuta mlango wa chini uko wazi...

Kraa... tok.

Alikuwa akiijua sauti ile. Mkono wa mashine ya kujazia risasi, ukishuka, ukipanda.

Kraa... tok.

Akashuka ngazi. Harufu ya mafuta ya bunduki ilimpokea, na nyuma yake harufu nyingine, ya udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa asubuhi ile. Mzee mmoja mwembamba alikuwa ameinama juu ya meza, mgongo kwake. Hakugeuka.

"Mzee Krantz? Shikamoo. Samahani kuingia hivi, nilibisha..."

"Za mnyama gani?" Ilikuwa sauti ya kunong'ona, kavu.

"Elki, mzee. Jike."

Mkono ukasukuma kisanduku cha karatasi juu ya meza bila mwenyewe kugeuka. Fataki mia moja. Thurlow akaingiza mkono mfukoni kutafuta noti.

"Weka hela zako. Sikiliza. Moja humo ni yangu."

"Ipi, mzee?"

"Itakataa kulia. Ikikataa, usivute tena. Ilaze bunduki chini, uende nyumbani. Na kila utakayemgawia, mwambie."

"Nitamwambia."

"Mwambie."

Kraa... tok.

Thurlow alipanda ngazi kinyumenyume. Alipofika barabara ya lami ndipo alipogundua kwamba muda wote ule alikuwa hajaiona sura ya mzee.

Kesho yake Dewey alikuja na mdogo wake, Clell, kijana wa miaka arobaini aliyeitwa kijana kwa sababu hakuwahi kuoa wala kununa. Thurlow alimhesabia Dewey fataki hamsini. Akafungua mdomo aseme. Clell alikuwa akimwigiza mchungaji akitafuta pai yake, Dewey akicheka mpaka machozi, na maneno ya mzee yakaonekana ya kijinga mchana ule mweupe.

Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Lakini ilikuwepo nyingine, chini yake, na aliisikia ikipita moyoni waziwazi: hamsini kwake, hamsini kwangu. Nusu ya balaa imetoka nyumbani mwangu.

Akafunga mdomo.

"Mbona umeduwaa, kaka?" aliuliza Clell. "Au unataka kuzibusu kwanza?"

"Nendeni zenu huko," alisema Thurlow.

Jumamosi alfajiri alimwangusha elki jike kwa risasi ya kwanza. Bunduki haikusita. Alikuwa akimchuna, mikono imelowa damu ya moto ndani ya baridi kali, alipousikia mlio mmoja wa mbali, upande wa pili wa mlima. Mmoja tu. Akaendelea kuchuna.

Saa sita mchana gari la sherifu, mkuu wa polisi, lilikuwa limeziba njia.

Clell alikuwa amekufa. Alipigwa kifuani, kutoka hatua themanini, mahali peupe pasipo na kichaka, akiwa na fulana ya wawindaji, ya rangi ya chungwa inayoonekana kutoka kilima kingine. Dewey alikuwa amekaa kwenye theluji, hataki kuinuliwa.

"Alikuwa elki," alikuwa akisema. "Jike. Niliona mvuke ukimtoka puani. Nikavuta, ikalia *tik* tu. Nikaikoki tena..."

Sherifu aliandika ajali.

Jumapili Thurlow alirudi kwa kina Krantz na zile fataki zilizosalia. Safari hii, mchana, mlango wa juu ulifunguliwa na bibi mwenye fimbo.

"Nimekuja kumwona mzee, mama. Alinipa hizi juzi, kule chini."

Bibi Krantz alikitazama kisanduku muda mrefu. Hakushangaa, na hilo ndilo lililomtia Thurlow baridi.

"Mume wangu Anson tulimzika miaka kumi na moja iliyopita," alisema. "Njoo."

Chini hapakuwa na mashine. Ilikuwepo meza tupu yenye matundu manne pale mashine ilipofungwa zamani, na vumbi nene sakafuni. Kwenye vumbi kulikuwa na nyayo za mtu mmoja. Zilishuka ngazi, zikasimama mbele ya meza, zikarudi.

Zilikuwa za viatu vya Thurlow.

"Mwanetu aliitwa Emmett," alisema bibi. "Anson alimdhania mnyama. Mara ya kwanza fataki ilikataa. Mungu alimpa nafasi ile, kijana wangu, na yeye akavuta tena. Hakulala vizuri mpaka kufa." Akamgeukia Thurlow. "Wewe alikuonya?"

"Alinionya."

"Huwaonya wote. Mimi nilidhani wakionywa inatosha."

Hakumuuliza kama alimwambia mwenzake. Alichukua kisanduku, akafunga mlango.

Clell alizikwa Jumatano. Ijumaa, kabla ya giza, Dewey alikuja akakaa jikoni kwa Thurlow bila kuvua koti. Arlys alikuwa amelala chumbani. Nyama ilikuwa imejaa frizani. Kahawa ilipoa, hakuna aliyeigusa.

"Yule mzee," alisema Dewey. "Alikwambia lolote alipokupa zile fataki?"

"Hapana," alisema Thurlow.

Dewey alitikisa kichwa polepole. Alikuwa amekonda ndani ya juma moja.

"Ilipolia *tik*, nilitaka kuishusha. Naapa. Mwili mzima ulikuwa unaniambia acha. Sasa ukaja wewe."

"Mimi? Dewey, nilikuwa upande wa pili wa mlima."

"Najua. Sherifu kaniambia. Nimeyahesabu yote, masaa, maili, yote." Alimkazia macho, na macho yale hayakuwa na hasira, yalikuwa yakiomba kusaidiwa. "Lakini sauti yako naijua tangu tuna miaka sita. Ulikuwa hapa, nyuma ya sikio langu. Ulinong'ona, 'Vuta tena, Dewey.'"

Thurlow alitazama mlango wa chumba alicholala Arlys.

"Na ulikuwa unacheka," alisema Dewey.

Thurlow alifungua mdomo amweleze ukweli wote, tangu mwanzo. Akaufunga. Aliogopa sauti ambayo ingetoka.