Waya wa Saba

Kidole cha Msimamizi kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kumfukuza mwanachama pale Mwalimu alipoingia karakanani bila kubisha hodi.

"Bonyeza," alisema mwanamke huyo. "Lakini unitazame usoni unapobonyeza."

Msimamizi aliondoa kidole. Alikuwa fundi wa televisheni, na mtandaoni alisimamia jukwaa la wapenda antena lenye ngazi tatu: Mgeni, Mkongwe na Nguli. Faili la Mgeni halionekani mpaka Mkongwe wa zamu alipitishe; sheria hiyo aliiandika mwenyewe kuzuia takataka. Mwalimu wa fizikia huyu alikuwa Mgeni. Jumatatu, mchoro wa antena ya redio ya zahanati ya mlimani ulitokea jukwaani kwa jina la Mnara, Mkongwe wa siku nyingi. Jumatano ukatokea uleule kwa jina la Mwalimu. Akaitwa mwizi, na zahanati ikasema haitapandisha antena ya wizi.

"Nilituma Jumapili," alisema. "Kule simu haishiki. Mama akizidiwa na uchungu, nani ataita gari? Nimehangaika na antena hii muhula mzima, leo wanafunzi wananicheka."

"Nani mwingine hugusa kompyuta yako?"

"Mpwa wangu, dereva wa lori."

Msimamizi alimpigia mpwa.

"Mzee, mimi pale hucheza karata tu," mpwa alijibu. "Zile namba za shangazi nikizitazama nasinzia, na dereva hatakiwi kusinzia."

Msimamizi hakumwamini wala hakumkatalia. Alifungua mafaili mawili yaliyotolewa na programu ya kubuni antena. Namba zililingana zote; kwenye la Mnara, maelezo ya kichwa cha faili tu ndiyo yalikuwa yamefutwa. Jambo moja lilimkera: mchoro ulikuwa na nyaya sita, mafaili yote yaliorodhesha saba.

Jioni alikwenda kuikagua kompyuta yenyewe. Uani kwa Mwalimu, paji lake la uso likagonga waya wa kuanikia nguo.

"Pole. Huo humsalimu kila anayeingia," alisema Mwalimu. "Kamba zinaoza, nikafunga waya."

Msimamizi alipangusa kutu usoni, akausogelea tena ule waya. Kisha akaomba futi ya kupimia.

Kesho yake Mnara aliitikia wito wa Msimamizi, akafika karakanani, akakaa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Mwalimu alibaki amesimama kando ya rafu.

"Ndugu yangu, bado hujamtoa huyu mama?"

"Nisaidie kwanza. Waya wa saba kwenye faili lako unafanya kazi gani?"

Mnara alitabasamu. "Hapo ndipo penye utaalamu. Unasukuma mawimbi mbele. Ukiutoa, antena imekufa."

"Basi nguo zangu ndizo zinasukuma mawimbi," alisema Mwalimu. "Huo ni waya wangu wa kuanikia. Niliijaribia antena uani, ukaniharibia vipimo. Nikauingiza kwenye programu nijue umeharibu kiasi gani."

"Nimeupima," alisema Msimamizi. "Urefu na kimo ni vilevile vya kwenye faili lako."

"Labda aliona kwangu, akaenda kuufunga."

"Waya ule una kutu ya miaka, bwana. Na zamu ya kupitisha mafaili ya Wageni wiki hii ni yako. Ulilikalia lake, ukatoa lako, kisha ukaliachia ili yeye aonekane amenakili."

Mnara alitazama sakafu. "Nilibakiza mchoro mmoja niwe Nguli. Miaka yote najibu maswali ya watu. Yeye Mgeni, ungemfaa nini?"

"Mimi? Ungemfaa aliyelala mlimani na uchungu," Mwalimu alisema. "Na bado wa kwanza kuniita mwizi ulikuwa wewe."

Msimamizi alimvua Mnara cheo akiwa bado amekaa palepale, akaandika ukweli jukwaani na kuwapigia zahanati. Mnara aliondoka bila kuaga.

Ndipo Msimamizi akafungua foleni ya Wageni. Ilikuwa ndefu. Faili la kwanza lilikuwa la mtu asiyemjua, na mchoro wake aliutambua: Mnara alikuwa ameutoa kwa jina lake, ukamsogeza karibu na Unguli.

"Sheria ni yangu," alisema Msimamizi. "Mlango niliuweka mimi."

Mwalimu akavuta kile kiti chenye mgongo. "Fungua la pili."

La pili nalo lilikuwa vilevile. Wakaendelea mpaka mwenye duka la jirani akaanza kufunga milango.

"Kesho asubuhi tunapanda mlimani na zile nyaya sita," alisema Mwalimu akiinuka. "Tukirudi, tunaanzia hapa."

Msimamizi hakuizima kompyuta. Alifunika tu kioo kwa kitambaa, vumbi lisiingie.