Malai Yalipotangulia

"Jory! Unafanya nini hapo?"

Shangazi Clarice ndiye aliyepiga kelele, kisu cha siagi akiwa amekiinua juu kama mtu anayetaka kuchinja kuku. Ilikuwa Jumapili mchana, mvua inachapa madirisha, na mgahawa wa chai wa Ebrel ulikuwa umeshafungwa kwa wateja. Walibaki watatu tu kwenye meza ya karibu na oveni: Ebrel mwenyewe, shangazi yake, na Jory, mume wa Ebrel, fundi wa mapaa.

Jory alikuwa ameshika nusu ya skonzi kiganjani. Juu yake alishapaka malai mazito, yale ya manjano yenye utando. Kijiko cha jamu ya stroberi ndiyo kwanza kilikuwa njiani.

Malai chini. Jamu juu.

"Kwani nimefanya nini?" Jory aliuliza.

"Tazama mkono wako, we mwanaume! Malai kwanza! Nyumbani kwetu, kwa ukoo wa Trembath! Marehemu mama yangu akifufuka leo, anakufa tena papo hapo."

Jory akatazama. Uso ukamwiva mpaka masikioni, kisha akacheka.

"Ala! Uchovu tu huu, Shangazi. Mapaa yamenimaliza."

"Uchovu, au umevuka mto? Hivyo wanakula watu wa Devon, ng'ambo huko. Sisi Cornwall jamu kwanza, malai juu, kama watu waliolelewa. Na kile kibao pale ukutani nani alikichonga? Si wewe?"

Kibao chenyewe kilikuwa kigae cheusi cha paa. Jory alikichonga maneno mawili, JAMU KWANZA, akampa Ebrel siku ya harusi yao. Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi kwa aproni. Jory naye akacheka, kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe.

Ebrel hakucheka.

Nusu ile ya skonzi haikuwa ya Jory. Ilikuwa yake. Kila Jumapili skonzi ya kwanza kutoka kwenye oveni huchukuliwa na Jory, huipasua kwa vidole, huipaka, humpa mkewe. Mazoea hayo yalianza siku alipokuja kuposa. Bibi yake Ebrel alimwekea sahani, jamu na malai, akakaa kimya kumtazama. Jory akapaka jamu kwanza. Bibi akamgeukia mjukuu wake, akasema neno moja: "Mchukue." Tangu hapo mkono ule haukuwahi kukosea. Hata siku waliyomzika Bibi, Jory alilia kama mtoto huku mkono ukifanya kazi yake, jamu, kisha malai.

Mkono wa namna hiyo haukosei. Mkono wa namna hiyo hufundishwa upya.

"Haya, pokea mpenzi," Jory alisema, akimnyooshea. "Leo tule kikafiri."

Ebrel akapokea. Akala. Utamu ulikuwa uleule, na hilo ndilo lililomtisha.

Kesho yake, unga ukiwa bado umemganda vidoleni, alishika simu akamwandikia mumewe:

"Anaoka mwenyewe au mnanunua?"

Jibu lilichelewa. Jory alikuwa juu ya paa la watu, au hivyo ndivyo alivyoaga.

"Nani?"

Ebrel akaandika neno moja tu, la kumwonya:

"Jory."

Kwenye kioo ikaonekana anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha. Kisha ujumbe ukaingia:

"Anaoka mwenyewe."

Ebrel akaweka simu chini, akarudi kwenye unga wake. Aliukanda mpaka ukawa mgumu kama kisigino. Skonzi za siku ile hakuna mteja aliyezimaliza.

Jioni Jory aliingia bila kuvua viatu, akasimama mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

"Anaitwa nani?" Ebrel aliuliza.

"Hazel."

"Hazel nani? Maana kina Hazel ni wengi, nisije nikamchukia asiyehusika."

"Hazel Yeo. Mjane. Anakaa Bere Alston, ng'ambo ya mto, juu ya kituo cha treni. Dhoruba ya Februari iling'oa paa lake."

"Na wewe ukaenda kuliziba."

"Nikaenda kuliziba."

"Sasa hivi ni Septemba, Jory. Paa gani hilo haliishi kuzibwa? La kanisa kuu?"

Jory akainamisha kichwa.

"Alinitolea chai. Nikapaka jamu kwanza, akanicheka. Akanishika mkono, akanionyesha wanavyofanya kwao."

"Akakushika mkono."

"Ebrel, tafadhali..."

"Si nasikiliza? Akakushika mkono, na wewe ukauacha hukohuko. Endelea."

"Hakuna zaidi ya hayo unayoyajua."

"Kuna moja silijui. Kule nako unampakia? Ile ya kwanza kutoka kwenye oveni?"

Jory akakwangua tope la kiatu kwenye kizingiti.

"Nijibu. Ya kitandani nitayalilia baadaye, yana wakati wake. Mimi nakuuliza skonzi."

"Nampakia," Jory alisema, kwa sauti ya mtu anayetapika.

Ebrel akashika ukingo wa meza. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa uongo, kwa viapo. Kwa ukweli hakuwa amejiandaa. Muongo anakuachia pa kusimama, maana bado anakuogopa.

"Unampenda?"

"Sikupanga iwe hivi."

"Sikukuuliza mipango."

"Ndiyo."

"Na mimi?"

Mwanaume akafumba macho. "Wewe ni mtu mwema, Ebrel. Hujanikosea kitu."

Akufukuzaye hakwambii toka. Hukusifia.

"Mwache basi," Ebrel alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia ikipiga magoti. "Mwache, tuanze upya. Sitauliza kitu. Sitamtaja. Shangazi hatajua. Unanisikia? Hakuna atakayejua."

"Ningejua namna ya kumwacha, ningekuwa nimeshamwacha. Jumapili nitakuja kuchukua vitu vyangu."

Akatoka. Viatu vyake viliacha alama za tope sakafuni, na Ebrel hakuzifuta.

Katikati ya wiki Shangazi Clarice alipiga simu. Habari kijijini Calstock hazihitaji treni.

"Ni kweli?" aliuliza bila salamu.

"Ni kweli, Shangazi."

"Na mimi juzi nilikaa pale nacheka kama mwehu! Kumbe nacheka msiba! Sasa sikiliza. Nguo zake zote, na zile ndoano zake za kuvulia, tupa mtoni. Maji yatampelekea mwenyewe ng'ambo."

"Sitaki kumfukuza."

"Unasemaje?"

"Namtaka, Shangazi. Namtaka mume wangu. Kama ni malai, nitampa malai."

Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa. Shangazi aliporudi, makali yalikuwa yamemtoka.

"Mwanangu, la kuvunda halina ubani."

"Nitajaribu."

"Najua utajaribu. Ndicho kinachoniuma."

Jumapili Ebrel aliamka, akaoka. Alipanda kiti, akakishusha kile kibao cha kigae, akakigeuza kikatazama ukuta nyuma ya mlango. Akatandika kitambaa cheupe, akaweka birika, akachukua skonzi ya kwanza ingali inatoa mvuke. Akaipasua.

Kisha akachota malai.

Mama yake hakuwahi kufanya hivyo. Bibi yake alimkatalia binamu yao wa pili mkono wa salamu kwa kufanya hivyo. Joto la skonzi liliyayeyusha malai, yakachuruzika pembeni, naye akayarudisha kwa kidole, akaweka jamu juu. Jamu ikateleza. Akairekebisha. Ikateleza tena. Alikuwa bado anaihangaikia Jory alipoingia na begi tupu.

Alipotoka chumbani kwao, nyuma ya mgahawa, begi lilikuwa limejaa. Akaiona meza.

"Kaa," Ebrel alisema. "Chai iko tayari. Tazama, nimekupakia. Kama unavyopenda sasa."

Jory akaitazama sahani. Akautazama ukuta, pale kibao kilipokuwa, pamebaki mraba mweupe. Begi likamponyoka.

"Ebrel. Umefanya nini?"

"Si kitu. Nimejifunza. Kumbe si vigumu! Nitakuwa napaka hivi kila Jumapili. Hata kwa wateja, ukitaka. Kaa, Jory, inapoa."

Jory alikaa. Moyo wa Ebrel ukaruka. Alimwona akiinyoosha mikono yake mipana yenye makovu ya vigae, akaivuta sahani, akaizungusha polepole. Halafu akaisukuma mbele kidogo, akaufunika uso.

"Ulidhani ni malai?" aliuliza akiwa ndani ya viganja vyake. "Hivi kweli, Ebrel, ulidhani naondoka kwa ajili ya malai?"

"Sasa ni nini? Niambie ni nini, nikipike!"

"Hakipikwi."

"Onja tu. Jory. Onja kidogo tu."

"Nikionja, utangoja Jumapili nyingine. Na nyingine. Nakujua."

Akasimama, akaokota begi. Mlangoni kibao kiliuzuia mlango kufunguka wote kwa begi lililojaa. Akakiinua, akakigeuza, akayasoma maneno yake mwenyewe. Ebrel alidhani atakirudisha ukutani. Jory alikiegemeza taratibu palepale, uso ukutani, akatoka.

Treni ya kwenda ng'ambo ilipita juu ya daraja refu. Ebrel hakwenda dirishani. Alikaa akaila ile skonzi peke yake, yote, na jamu ikamdondokea kwenye kitambaa cheupe.

Majani yalipoanza kuanguka Shangazi Clarice alikuja kumsaidia mgahawani kila Jumapili, maana Ebrel alikuwa anasahau oda. Siku moja waliingia mke na mume wa makamo, makoti yamelowa, wanacheka.

"Samahani dada," mwanaume alisema, "mke wangu na mimi tumebishana njia nzima. Hapa kwenu kinaanza kipi? Jamu au malai?"

Shangazi akaweka trei chini, akakunja mikono, tabasamu likamchanua usoni. Alikuwa anaingoja ile hotuba. Ebrel alikuwa na hotuba maarufu juu ya jambo hili, yenye Bibi ndani yake, na watu wa Devon, na mwisho wake wateja walikuwa wanapiga makofi.

"Chochote," Ebrel alisema.

"Ati?"

"Anza na chochote, mpenzi. Nikuleteeni chai ya maziwa?"

Tabasamu la Shangazi likafa taratibu. Akachukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Dirishani, juu ya kisahani, ilikuwepo skonzi ya kwanza ya siku ile. Ebrel alikuwa bado anaitenga kila Jumapili. Ilikuwa nzima, imepoa, haijapasuliwa.