Ukuta wa Bibi Nyamusi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Robi alifagia kiwanja huku akiigiza. Watazamaji wake walikuwa mbuzi. Aliinua ufagio juu, akatoa macho, akalia kilio cha mama aliyefiwa, na majirani wa ng'ambo ya kijito wakasikia kila neno. Mama yake alikuwa amezoea. "Fagia kwanza, ulie baadaye," alimwambia kutoka jikoni.

Sauti hiyo ilikuwa imemfikisha mbali. Katika mashindano ya maigizo ya shule Robi alikuwa ameshika nafasi ya kwanza wilaya nzima, na watu wa Ntimaru walimwita mwigizaji wetu. Kwa hiyo mwalimu wake, Mwalimu Gichana, alipotangaza kwamba wageni kutoka Homa Bay wanakuja kutengeneza filamu fupi kuhusu kuchemsha maji ya kunywa, Robi hakuuliza nani atakuwa mhusika mkuu. Aliuliza tu atavaa nini.

Wageni walikuwa wawili. Madam Mellen alikuwa mwongozaji, yaani yeye ndiye aliyewaelekeza waigizaji na kuamua kila jambo lifanyike vipi. Cephas alishika kamera ya video. Wanafunzi wa darasa la saba waliitwa mmoja mmoja kujaribiwa mbele ya kamera hiyo. Kila mmoja alitakiwa awe msichana ambaye mama yake ni mgonjwa kitandani, na sasa mdogo wake naye ameanza kuharisha kwa sababu ya maji machafu.

Robi alilitikisa darasa. Alijipiga kifua, akapiga magoti, akalia mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Wenzake walishangilia. Baada yake akaingia Truphena, msichana aliyehamia kutoka Kisegi wakati baba yake alipoanza kuuza samaki sokoni Ntimaru. Truphena hakulia. Aliketi, akakitazama kikombe alichopewa, akakiweka chini polepole. Basi, hakufanya zaidi ya hapo, na hakuna aliyempigia makofi.

Madam Mellen alimchagua Truphena.

"Robi, wewe unaigiza kwa ajili ya mtu aliyeketi nyuma kabisa ya ukumbi," alimweleza kwa upole. "Kamera haiko huko nyuma. Iko hapa karibu na pua yako, na inaona hata kope zikicheza. Lakini nimeambiwa mikono yako inajua kupamba nyumba. Nisaidie na mandhari, yaani nguo, vyombo, na jinsi nyumba itakavyoonekana."

"Sawa, Madam," Robi akajibu, na haikuwa sawa hata kidogo. Msichana aliyekuja juzi tu ndiye awe mhusika mkuu, na yeye bingwa wa wilaya abebe masufuria? Roho ilimuuma mpaka akashindwa kumwangalia mtu usoni.

Ijumaa kazi ilianza nyumbani kwa Bibi Nyamusi, mjane aliyeishi karibu na shule. Nyumba yake ya udongo ilikuwa imekaa muda mrefu bila kukandikwa upya. Ukuta wa mbele ulikuwa na ufa mrefu kando ya mlango, na moshi wa jikoni ulikuwa umeutia weusi. Madam Mellen aliupenda ukuta huo kuliko kitu kingine chochote pale. Robi hakuona cha kupenda. Kutwa nzima alimfunga Truphena leso, akamfuta jasho, akamshikia viatu, na kila Madam aliposema, "Vizuri sana, Truphena," alijisikia kama mtu aliyemezeshwa pilipili.

"Eti Robi, umeonaje? Nimejaribu?" Truphena alimwuliza wakati wa chakula.

"Sijui. Sikuwa naangalia," Robi akasema, akampa kisogo. Uongo mtupu. Alikuwa ameangalia kila kitu.

Jumamosi hakukuwa na kazi. Bibi Nyamusi na Truphena walikuwa Waadventista, na hakuna filamu ambayo ingewatoa kanisani siku ya Sabato. Robi alikuwa Mkatoliki, na misa yake ilikuwa kesho. Alijua kwamba boma la Bibi Nyamusi halingekuwa na mtu mpaka jioni.

Sasa, huku kwetu mgeni wa heshima akitarajiwa, nyumba hukandikwa upya. Hakuna anayeuliza kwa nini. Robi alilijua hilo na akalishika kama kisingizio chake. Alibeba samadi, udongo mwekundu, udongo mweupe wa mtoni na majivu, akaenda zake. Alikandika ukuta wa mbele wote, akauziba ufa, akaufunika moshi, kisha akachora mistari ya kupendeza kuanzia mlangoni mpaka pembeni. Kazi ilikuwa nzuri, tusimnyime haki yake. Lakini hakuifanya kwa heshima ya wageni. Alitaka watu watakaoitazama filamu wautazame ukuta wake, wamsahau Truphena.

Jumapili, baada ya misa, wageni walifika. Madam Mellen alishuka garini, akaukodolea macho ukuta. Cephas alishika kichwa.

Bibi Nyamusi alitoka akitabasamu. Jana aliporudi kutoka kanisani alikuta nyumba imependeza, akadhani ni wake wa wanawe walioamua kumsaidia. Alipoona nyuso za wageni, tabasamu likamtoka.

"Mama, nusu ya filamu tuliipiga Ijumaa mbele ya ukuta ule wa zamani," Cephas akamweleza. "Leo tulipaswa kupiga nusu iliyobaki. Mtazamaji ataona msichana anaingia ndani ukuta ukiwa mchafu, halafu anatoka ukuta ni mpya. Watu watacheka, na hii si filamu ya kuchekesha. Kesho gari linatakiwa Homa Bay. Hatuna siku nyingine."

"Lakini Mama, tulikuomba usiguse kitu," Mwalimu Gichana akasema kwa ukali.

"Nisameheni, wanangu," Bibi Nyamusi akasema, sauti ikimtetemeka. "Ni watu wa nyumba yangu tu. Wameona mgeni, wakaona nyumba ikandikwe. Nimewaharibia kazi."

Robi aliyasikia yote akiwa nyuma ya kapu la vyombo. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona jana, na mzee wa watu alikuwa amekwisha kubeba lawama.

Cephas aliunganisha televisheni ndogo kwenye betri ya gari ili watazame kama kuna kipande kinachoweza kuokolewa. Wote wakasogea. Kwenye kioo alionekana Truphena ameketi mbele ya ukuta ule wa zamani. Hakusema kitu. Alimeza mate tu, akageuza uso kidogo kuelekea ndani alikolala mama yake. Mara Robi akauona ukuta, kana kwamba hajawahi kuuona. Ule ufa na ule moshi vilieleza kwamba mama wa nyumba hii hajainuka siku nyingi, na hakuna wa kumsaidia mtoto. Uso wa Truphena na ukuta ule vilikuwa vinasema jambo moja. Yeye ndiye aliyeufunga ukuta mdomo.

"Madam, ni mimi," akasema. "Bibi Nyamusi hajui lolote, wala watu wake. Nilikuja jana nikakandika mwenyewe."

"Kwa ajili ya wageni?" Madam Mellen akauliza.

Njia ya kutokea ilikuwa pale, wazi kabisa. Robi akatikisa kichwa kukataa. "Hapana, Madam. Ni wivu. Sikutaka watu wamwangalie Truphena."

Mwalimu Gichana alimgeukia Bibi Nyamusi, akamwomba radhi kwa maneno yake. Bibi akaipokea radhi, kisha akamtazama Robi kwa muda mrefu bila kumgombeza, na hilo lilimuumiza Robi zaidi.

"Udongo bado una unyevu," Robi akasema kwa haraka. "Naweza kuutoa. Niacheni niitazame hiyo picha, niurudishe ukuta ulivyokuwa."

"Jua lisipite pale lilipokuwa Ijumaa," Cephas akaonya. "Likivuka pale, kivuli kitatusaliti."

Robi alianza kukwangua kwa kipande cha jembe. Alikwangua na kutazama televisheni, akakwangua tena. Alichukua masizi ya dari ya jikoni, akayachanganya na majivu na maji, akayapaka kwa kiganja. Ila ufa haukukaa sawa. Ndipo mtu akasimama kando yake.

"Ulianzia hapa, usawa wa bega langu," Truphena akasema. "Niliuegemea kutwa nzima."

"Nisamehe, Truphena."

"Nimekusikia." Truphena alikuwa akifuata mstari wa ufa kwa kidole. "Mimi nilidhani unanichukia kwa sababu mimi si wa kabila lenu, ni Mjaluo."

"La. Nilikuonea kijicho kwa sababu unajua kuigiza."

Truphena akavua leso, akaanza kuupepea udongo ukauke. Cephas alilinganisha ukuta na picha mara kadhaa, akaomba moshi uongezwe upande wa kushoto, kisha akasema twende kazi. Walipiga sehemu ya mwisho jua likiwa mahali pake. Kesho yake, baada ya shule, wasichana wale wawili walimkandikia Bibi Nyamusi nyumba yote upya, safari hii kwa ruhusa yake.

Filamu ilipokuwa tayari, gari lilirudi Ntimaru, na watu wakakusanyika sokoni baada ya biashara kufungwa. Robi alisimama karibu na Madam Mellen. Truphena alipoonekana ameegemea ukuta, wanawake waliokuwa mbele walianza kufuta machozi.

"Hiyo nyumba iko upande gani?" mmoja wao akauliza. "Kesho twendeni tukawakandikie hao watoto. Hawana mtu."

Robi alijiziba mdomo asicheke. Madam Mellen alimwinamia.

"Umesikia? Hakuna aliyeusifu ukuta wako. Wameona watoto wanaohitaji msaada. Hivyo ndivyo filamu nzuri ilivyo, Robi. Mwigizaji, nguo, vyombo, kuta, hata kivuli, vyote husimulia jambo moja. Wivu hautaki hivyo. Wivu hutaka kila mtu aseme, nitazameni mimi. Na usidhani ni majivu na masizi yaliyoiokoa filamu hii. Ni ukweli wako. Ungenyamaza, tungefungasha na kuondoka, na Bibi Nyamusi angebaki na lawama isiyo yake."

Filamu ikaisha. Wanawake walimzunguka Truphena, wakamshika mashavu na kumwuliza alijifunzia wapi. Roho ilimchoma Robi kidogo, maana wivu hauondoki kwa siku moja. Alivuta pumzi, akapenya katikati yao, akasimama bega kwa bega na mwenzake.

"Niulizeni mimi niliyekuwepo," akawaambia. "Huyu anaijua kazi."