Kituo cha Mayala

Haisi ilisimama, mlango ukavutwa, na hakuna aliyeshuka. Ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Konda alichungulia ndani akauliza kwa hasira ni nani aliyeitika kisha akajikausha kwenye kiti. Abiria wakatazamana. Mama mmoja aliyepakata tenga la nyanya akasema sauti haikutoka ndani ya gari, imetoka nje, kwenye ule mtumbwi. Dereva hakusubiri maelezo zaidi. Aliondoka mlango ukiwa bado wazi.

Tereza aliyaona hayo yote akiwa kibandani kwake, akigeuza sato kwenye mafuta. Hakushtuka. Ilikuwa miezi saba sasa hakuna kitu kilichomshtua.

Mtumbwi wenyewe anaujua kila apitaye barabara ya kutoka Mkolani kwenda Kigongo. Umesimikwa wima kando ya lami, pua juu, tezi imezikwa ardhini, umepakwa rangi nyeupe na buluu, na tumboni mwake kuna benchi ambapo watu wanne wanaweza kujificha mvua. Maharusi hushuka hapo kupiga picha. Wageni huuliza kama ziwa liliwahi kufika huku juu, na vijana wa kijiweni, ambao uongo kwao ni kazi ya mikono, huwajibu kuwa ndiyo, lilifika, na babu zao walivua pale pale.

Ukweli ni mfupi. Mayala, mtoto pekee wa Tereza, fundi wa injini za mitumbwi, alitoka asubuhi moja kujaribu injini aliyoitengeneza. Mawimbi yaliurudisha mtumbwi, umepasuka ubavu. Yeye hayakumrudisha. Walimtafuta siku tisa. Bila mwili hakuna kaburi, na bila kaburi mama hana pa kwenda kusimama. Basi Tereza akaomba trekta, mabaki yakavutwa mpaka mbele ya kibanda chake, na Naushad, mwenye duka la vipuri mjini ambaye ndiye aliyekuwa akimpa Mayala kazi, akaleta makopo mawili ya rangi. Tereza aliandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa: MAYALA.

Hakuna aliyepanga pawe kituo, lakini konda ni kiumbe anayetafuta jina la kupayuka. Mwezi haukwisha wakawa wanapaita hivyo, alfajiri mpaka jioni. Mayala! Mayala wa kushuka! Tereza alisikia jina la mwanawe likiitwa na watu wasiomjua, na hicho tu ndicho kilichopenya ganzi ya moyo wake. Msibani walimpiga mgongo kwa upole, lia mama, lia, naye akawatazama. Mpaka leo machozi hayakuja. Alikula ugali kwa sababu ulikuwa mezani.

Siku ile haisi ilipoondoka, jua lilikuwa utosini na barabara ikabaki tupu. Tereza alifuta mikono, akavuka, akasimama mbele ya mtumbwi.

"Mayala," alinong'ona.

"Naam, mayu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita mama yake, kwa Kisukuma. Sauti ilikuwa ile ile, na pamoja nayo ilikuja harufu ya kamba za nyavu zilizolowa na tope la chini kabisa ya ziwa, mahali pale pakavu ambapo mvua haikuwa imenyesha wiki tatu. Lakini Mayala wake alikuwa mvivu wa kuitika. Ungemwita mara tatu ndipo agune. Huyu aliitika kabla jina halijaisha mdomoni.

Alijua si yeye. Na kesho yake mchana akarudi, na keshokutwa, maana mfa maji haachi kutapatapa. Alikaa kwenye benchi akaita, kikaitika, akaita, kikaitika, wala hakukiuliza kitu, hadi siku ya tano, jua likiwa limesimama pale pale na lami ikitoa mvuke na vijana wa kijiweni wamelala chini ya turubai lao wasisikie lolote, mbao za nyuma ya shingo yake zilipopoa ghafla kama ukuta wa mtungi na ile sauti ikamsogelea sikioni ikamuuliza yenyewe, bila kuitwa:

"Mayu, Rebeka anajifungua lini?"

Rebeka alikuwa mke wa Mayala, mwenye mimba ya miezi minane. Katika ukoo wao, mtoto wa kiume aliyezaliwa baba akiwa amekwisha kufa hupewa jina la baba. Jina lilikuwa linamsubiri tumboni. Tereza alitaka kuogopa. Aliusikiliza moyo wake, akausubiri udunde, ukaendelea na mwendo wake. Kwa hiyo akafanya alichojua mtu anayeogopa angekifanya. Akaenda kwa mganga.

Chenge alikuwa na kilinge nyuma ya gereji huko Mkolani, mtu mnene mwenye simu mbili zisizonyamaza. Alikuja na bodaboda, akazizima zote mbili, akaingia mtumbwini peke yake. Alipotoka, shati lake lilikuwa limelowa mpaka kiunoni.

"Mwanao hayumo humu," alisema kwa sauti ya chini. "Ziwa lina wenyewe, mama. Mmeliita jina mara mia kwa siku, na mwenyewe hayupo wa kuitika. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Basi limekuja."

Tereza akamuuliza linataka nini.

"Jina limeshapata. Sauti imeshapata. Limebakiza mwili. Huyo mjukuu wako asiitwe Mayala, hata akilia vipi."

Siku hiyo hiyo waliung'oa mtumbwi, wakaukata kwa mashoka na kuuteketeza ufukweni. Rebeka alilia sana, akauliza wamekosa nini hadi wafutiwe hata jina. Tereza akamjibu kuwa mbao zilioza, zingeua mtu. Hakutaka kumtia hofu mwenye mimba. Hapo ndipo alipokosea.

Makonda nao aliwafuata mmoja mmoja, akawaomba wapaite Kisimani. Walimwamkia kwa heshima, wakamwitikia sawa mama, na mchana wakaendelea kupayuka vile vile. Mmoja alimweleza kwa upole kwamba akitaja jina jingine abiria watapitilizwa. Hata kwenye ramani ya simu, alisema, pameandikwa Mayala.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzima. Akaanza kulia.

Huku kwetu mtoto anayelia bila ugonjwa anadai jina. Anatajiwa majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na analolitaka likifika ananyamaza. Na anayetoa jina ni bibi mzaa baba. Mwingine akitamka ni kelele tu. Muuguzi wa zahanati alimpima akasema hana homa, hana kidonda. Tereza akaanza kutaja. Luhende. Masalu. Mihayo. Alitaja wa upande wa baba wakaisha, akahamia upande wa mama, akataja hadi mjomba aliyekufia jeshini. Siku ya pili mtoto aliacha kunyonya. Siku ya tatu asubuhi sauti ilikauka, mdomo ukawa unafunguka bila kutoa kitu, na utosi ukabonyea.

"Mama," Rebeka alisema, "si unajua analitaka lipi."

"Si yeye, Rebeka. Aliyekuwa anaitika pale barabarani si yeye. Mganga ameniambia linatafuta mwili." Akamweleza yote, kwa haraka na kwa sauti ya chini, mambo ambayo angemweleza mwezi mzima uliopita.

Rebeka alimsikiliza mpaka mwisho, macho yake kwa mtoto.

"Na awe yeyote," alisema. "Huyu anakufa."

Mchuma janga hula na wa kwao. Tereza aliitazama ile midomo mikavu, akaona njia ni mbili tu, kumpoteza au kumpa jina, na ya kwanza aliwahi kuipita. Akainama.

"Mayala," akasema.

Mtoto akafunga mdomo. Akatafuta ziwa la mama yake, akanyonya kwa nguvu, akimeza kwa sauti. Rebeka akacheka. Nje haisi ikapunguza mwendo, konda akalipayuka jina mara mbili, na kando ya barabara hakukuitika kitu. Mtoto wa siku tatu aliachia titi, akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Anakutafuta," Rebeka alisema, akamkabidhi.

Alikuwa mzito kuliko siku tatu zake, na mgongo wake ulikuwa baridi. Alimkazia bibi yake macho, kwa utulivu, kama mtu aliyefika. Tereza alilitafuta humo lolote la mwanawe, hata dogo, asilione, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mtumbwi urudi mtupu, akajua kwamba Mayala amekufa. Kilio kilimtoka kwa kishindo kilichomkalisha chini. Alilia akimkumbatia yule aliyekuwa naye, kwa kuwa hakuwa na mwingine.

Rebeka alidhani ni furaha, akamwacha alie.